Nairobi–New York moja kwa moja: tupeane uzoefu wa kusafirisha wazazi

Habari zenu wapendwa. Mamangu anakuja kutuona mwezi ujao. Ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege, na Kiingereza hakijui. Nimemkatia tikiti ya moja kwa moja, JKIA hadi JFK: karibu kilomita 11,800, saa 15 hewani. Kumpitisha Ulaya au Ghuba kungenipunguzia gharama, lakini nikimwaza peke yake kwenye uwanja wa ugenini, akitafuta geti huku muda unakwisha, roho inakataa. Kabla ya ndege hii kuanza Oktoba 2018 hatukuwa na la kuchagua. Mliosafirisha wazazi, hebu niambieni: miguu inavumilia? Usingizi je?

Mama Pacha: Angalia miguu kwanza. Nilisafiri na mamangu Desemba, nikamwacha alale nikidhani namhurumia. Kutua, viatu havikuingia. Alipita uhamiaji na soksi, viatu mkononi. Safari ya pili nilimvalisha soksi za kubana, nikamchukulia kiti cha njiani, na kila baada ya saa mbili tunatembea hadi nyuma na kurudi. Maji hayakukatika.

Tena mwandae kwa ule usiku. Mnaondoka karibu na saa sita usiku mkielekea magharibi, ni kama mnalikimbia jua. Mama kila akiamka anabonyeza kitufe cha dirisha, giza lile lile. "Kwani huku hakuchi?" Nikamwonyesha kwenye skrini: tuko juu ya Sahara. Akalala, akaamka: Atlantiki. Tulitua kunapambazuka, na saa yake ya mkononi, aliyokataa katakata kuirudisha nyuma, ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri.

Wa Jersey: Baba yangu alifariki kabla ya hizi za moja kwa moja. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya kuunganisha ikaniacha, nikalala uwanjani juu ya begi. Nilifika nyumbani jioni, vijana wanakunja hema. Mkatie hiyo hiyo, dada. Usifikirie mara mbili.

Binti Likoni: Mimi naona tofauti kidogo. Mamangu ana mgongo, saa 15 mfululizo zilimmaliza. Mwaka uliofuata tulimpitisha Doha, akajinyoosha, akaswali kwa utulivu, akafika mzima. Ila dada yangu alikuwa naye. Peke yake nisingethubutu.

Msafiri: Omba kiti cha magurudumu mapema, hakilipiwi. Mhudumu anampokea mlangoni pa ndege na kumfikisha hadi unapomsubiri. Mwandikie pia karatasi ya Kiingereza: anakuja kwa nani, anwani, simu, atakaa siku ngapi. Amwonyeshe afisa.

Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu upepo wa juu unavuma kuelekea mashariki na unaisukuma ndege. Anaondoka mchana, anatua Nairobi asubuhi ya pili yake.

Mwanzisha mada: Mungu awabariki. Wa Jersey, pole sana kwa baba. Soksi nimeagiza, karatasi naiandika leo. Nimempigia mama sasa hivi kuhusu kiti cha magurudumu, amekataa kabisa. Anasema kila asubuhi anapanda kilima na mtungi wa maji, iweje asukumwe kama mgonjwa? Nani aliwahi kumshawishi wake, na alimwambiaje?