Watengenezaji wa muvi za kuchinjana, mnamwaga ndoo ya damu halafu hofu hakuna. Acheni uvivu!

Wakuu,

Nianze kwa kuweka mipaka. Uzi huu si wa wanaotaka muvi za kutisha zifungiwe. Mwenye hoja hiyo afungue wake. Huu ni wa sisi tunaozipenda, ambao tunalishwa uchafu halafu tunaambiwa ni ujasiri wa mwongozaji.

Tuanzie kwenye damu, maana uvivu unaonekania hapo kwanza. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi mwili mzima. Kwenye muvi hizi mtu anakatwa shingo, anamwaga lita 20, nayo inaruka dakika nzima kwa nguvu ileile kama bomba la maji limepasuka. Jamani! Damu ya mshipa mkubwa hufuata mapigo ya moyo, na kila pigo ni dogo kuliko lililotangulia kwa sababu presha inashuka. Kwa hiyo yule aliyeshika bomba la sindano nje ya picha anatakiwa asukume, aachie, asukume kidogo zaidi, aachie, mpaka ibaki kuchuruzika. Ni kazi ya mkono tu, haina gharama. Na maiti hairushi damu kabisa. Moyo umesimama, nani anasukuma?

Rangi nayo balaa. Shira iliyotiwa rangi nyekundu ya chakula peke yake inapitisha mwanga, ndiyo maana inaonekana juisi. Tia unga wa kakao kijiko cha chai kwa kikombe cha shira, ila uukoroge kwanza na maji ya uvuguvugu, la sivyo utapata mabonge. Ongeza tone moja la bluu, kwa sababu taa za njano huivuta nyekundu iwe chungwa. Halafu angalia shati la aliyechomwa kisu: damu imekaa juu ya kitambaa kama matone ya asali, hailowi. Hiyo ni shira isiyo na kitu cha kuifanya isambae. Matone mawili ya sabuni ya vyombo yanatosha, lakini ikishatiwa sabuni haiingii tena mdomoni mwa mwigizaji. Ya mdomoni huchanganywa pembeni. Dick Smith, fundi aliyefanya kazi ya vipodozi kwenye muvi ya The Exorcist, alitatua tatizo hilo zamani kwa dawa ya maabara ya picha, na ilikuwa sumu, si ya kuonja. Hadithi ikifika kesho yake asubuhi, shati bado jekundu kama bendera. Damu ikikauka inakuwa kahawia, hata mtoto aliyewahi kuchubuka goti anajua.

Hayo ya ufundi yangesameheka. Kinachoudhi ni kwamba hawajui hofu inatengenezwa wapi. Chukueni Psycho ya 1960. Tukio la mauaji ya bafuni ni kama sekunde 45, lilichukua wiki nzima kupigwa, kamera ikahamishwa zaidi ya mara 70. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, sauti ya kisu ni tikiti linalochomwa. Kisu kikigusa ngozi hukioni, labda kwa kufumba na kufumbua, lakini watu wanatoka wakiapa wamekiona. Leo mwongozaji anaiweka kamera mbele ya jeraha la silikoni na kuiacha hapo sekunde 20. Sekunde mbili za kwanza unashtuka. Ya tano jicho limeshaanza kutafuta mshono wa silikoni shingoni. Ya kumi umeuona, na kuanzia hapo unatazama mpira, si mtu.

Au The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Jina linatisha kuliko damu iliyomo, na mwongozaji wake, Tobe Hooper, alikuwa na matumaini ya kupewa daraja jepesi la umri kwa sababu damu yenyewe ilikuwa chache (hakupewa, na hapo ndipo utajua aliifanya kazi). Msichana anatundikwa kwenye ndoano ya nyama. Ndoano ikiingia mgongoni haionyeshwi. Kinachoonyeshwa ni chombo kilichowekwa sakafuni chini ya miguu yake, cha kukingia. Tumbo linakaza kwa sababu ya kile chombo. Kimemwambia mtazamaji kwamba kazi hii hufanyika hapa kila siku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watetezi wa muvi hizi huliruka. Cannibal Holocaust, 1980. Mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alifikishwa mahakamani Italia, watu wakiamini ameua waigizaji wake, ikabidi athibitishe wako hai. Yule mwanamke aliyepitishwa mti mwilini? Kiti cha baiskeli kilichofungwa juu ya nguzo, yeye amekikalia, na kipande cha mti mwepesi ameking'ata mdomoni akitazama juu. Basi! Kiti na kijiti vikaitoa jasho mahakama. Lakini humohumo wakaua kasa, kima na nguruwe wa kweli mbele ya kamera. Mwenye akili ya kubuni kile kiti hakuhitaji kumpasua kasa. Kuua mnyama halisi si ufundi, ni kukwepa ufundi, na anayekuja hapa kuita huo "uhalisia" aniambie mwongozaji alifanya kazi gani pale zaidi ya kuwasha kamera.

Halafu matangazo. "Watu wamezimia ukumbini." Ujanja wa zamani huo. Mwaka 1976 msambazaji mmoja Marekani alichukua muvi iliyopigwa Argentina, akaibandika mwisho mpya wa mauaji na kuuacha umma uamini ni ya kweli. Mwendesha mashtaka wa New York alipochunguza, mwigizaji "aliyeuawa" alikuwa mzima. Ukiona trela inauza waliotapika na haiuzi hadithi, ujue hadithi haipo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba "ukiogopa usitazame", hujasoma. Nalalamika kwamba SIOGOPI. Lete tukio moja la muvi ya sasa ambapo jeraha lililoachwa wazi zaidi ya sekunde 10 lilitisha zaidi sekunde ya kumi kuliko ya kwanza. Taja muvi na dakika, tulitazame wote.