Marufuku ya bidhaa za anasa wakati wa vita: inaokoa nini hasa?

Mwanachuo_Uchumi

Wakuu, habari za leo. Nasoma historia ya uchumi na wiki hii tumebishana sana darasani kuhusu serikali zilizo vitani kuzuia bidhaa za anasa kutoka nje. Wenzangu wanasema ni njia ya kuwaonyesha wananchi kwamba matajiri nao wamefunga mkanda, basi. Mimi naamini kuna kitu halisi kinachookolewa. Nilipojibu kwamba ni pesa, mmoja akaniuliza: pesa zipi, wakati mwenye saa ya dhahabu ameinunua kwa pesa zake, si za hazina? Naombeni msaada, na mifano ya kweli kama mnayo.

Mpanga_Shehena

Mdogo wangu, mwenzako ameuliza swali zuri, tusilipite juujuu.

Pesa za nyumbani ni za mnunuzi, hilo halina ubishi. Lakini aliyeko nje anayemuuzia saa hataki noti za nchi iliyo vitani. Anataka dola, au fedha nyingine anayoiamini, na hizo zinatoka kwenye mfuko mmoja wa nchi nzima unaotegemewa kununua mafuta, vyuma na ngano. Tazama Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia. Iliiuzia Uingereza shehena kubwa za vita, lakini paundi ilizolipwa hazikuweza kubadilishwa kuwa dola za Marekani, na mahitaji yake mengi yalitoka Marekani. Desemba 1940 bunge likapitisha sheria ya kuhifadhi fedha za kigeni, na bidhaa zisizo za lazima kutoka Marekani zikazuiwa. Hata vitabu vya katuni vya watoto vilikumbwa.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili watu huisahau, nami nimeishi nayo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupanga mizigo melini: nafasi. Manowari na nyambizi za adui zikizamisha meli, kila tumbo la meli linakuwa mali kuliko kilichomo ndani yake.

Chukua ndizi. Novemba 1940, Uingereza, wizara ya chakula ikiwa chini ya Lord Woolton, ilisimamisha kabisa uingizaji wa ndizi. Kwetu ndizi si anasa, ila aliyewahi kuzisafirisha ataelewa mara moja. Zinasafiri zikiwa mbichi, kwenye ubaridi wa karibu nyuzi 13. Ukishusha chini ya hapo ganda linakuwa jeusi, ukipandisha zinaiva njiani, na mkungu mmoja ulioiva unaivisha majirani zake wote. Kwa hiyo huwezi kuzichanganya na nyama iliyogandishwa kwenye ngama moja, yaani tumbo la meli la kubebea mizigo. Zinataka chumba chao, hewa yao, na zinakula nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Meli za majokofu zenyewe zilikuwa chache na nyama ilizingojea. Hiyo nyama nayo ilibanwa: mifupa ikatolewa, na mizoga ya kondoo ikakatwa katikati, kipande kimoja kikasukumwa ndani ya kifua cha kingine, ili tu ngama ibebe zaidi. Watu waliofikia kufanya hivyo hawakuwa wanaigiza mbele ya wananchi.

Sauti_ya_Pwani

Mzee Mpanga, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu meli, lakini usilitupe suala la haki. Naleta mfano wa Majimbo ya Kusini yaliyojitenga Marekani na kupigana vita na Kaskazini. Bandari zao zilizingirwa na jeshi la maji la Kaskazini, na chakula na silaha vikapitia kwa meli za mbio zilizopenya usiku kutoka Nassau na Bermuda hadi Wilmington, bandari ya Kusini. Meli hizo zilikuwa za watu binafsi, na mwenye meli anapiga hesabu yake: pombe kali na hariri zinachukua nafasi ndogo na faida ni nono, kuliko kubeba nyama ya askari. Mwanajeshi hana viatu na sokoni kuna konyaki. Watu walichukia, na walikuwa na haki ya kuchukia.

Serikali ya Jefferson Davis, rais wa Kusini, ikachukua hatua Februari 1864. Sheria moja ilizuia anasa kuingizwa, na nyingine ikaipa serikali udhibiti wa biashara ya nje hadi meli zikatakiwa kutenga nusu ya nafasi kwa ajili yake. Vita vilianza 1861. Fikiria mzigo uliopotea katika miaka hiyo mitatu kwa kumwachia mfanyabiashara aamue.

Mpanga_Shehena

Marahaba. Mfano wako umeniongezea hoja. Ile sheria ya nusu ya nafasi ndiyo yenye meno, kwa maoni yangu. Ukikataza pombe tu, mwenye meli atatafuta kitu kingine chepesi chenye faida. Ukimwambia nusu ya ngama ni yangu, umeshika kile chenye upungufu chenyewe. Ni hivyo kila mahali: serikali inayoandika orodha ya vitu vya kifahari inabaki kugombana na orodha yake, na magendo yanapata soko.

Karani_wa_Fedha

Hilo la orodha linanikumbusha Ukraine. Ilipovamiwa, Februari 24, 2022, hawakuandika orodha ya vilivyokatazwa. Waliigeuza: benki kuu ikazuia kununua fedha za kigeni kulipia bidhaa kutoka nje, isipokuwa zilizo kwenye orodha ya serikali ya bidhaa muhimu. Thamani ya hryvnia, fedha yao, ikafungwa kwenye 29.25 kwa dola. Nafanya kazi ya malipo ya nje, na najua orodha ya namna hii inavyokuwa mezani: kila siku kuna mtu anayetaka kipuri chake kiitwe muhimu, na mara nyingi ana hoja, kwa sababu mashine ya kuoka mikate haifanyi kazi bila mkanda ambao hakuna aliyeufikiria. Orodha yao ikarefuka mara kwa mara. Julai wakaiondoa, na Julai 21 wakashusha thamani ya fedha yao hadi 36.57 kwa dola. Maana yake bei ikaachiwa kazi ya kumzuia mnunuzi.

Jambo lililonishangaza ni la Aprili mwaka huohuo. Huku dola zikibanwa, bunge liliondoa ushuru na kodi za magari yanayoingia ili usafiri usikwame, na magari yakamiminika hadi malori yakakwama kwenye foleni mpakani. Julai 1 ushuru ukarudi. Serikali moja, miezi ileile, mkono mmoja unafunga na mwingine unafungua.

Mwanachuo_Uchumi

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho: Uingereza iliacha kuingiza ndizi, lakini nimesoma kwamba machungwa yaliendelea kuonekana. Kwa nini lile na si hili? Na je, vizuizi hivi huondoka vita vikiisha?

Mpanga_Shehena

Machungwa yalikuwa na hoja ya afya ya watoto, vitamini C, hivyo watoto ndio waliopewa kwanza yalipopatikana. Tena maji yake yalikamuliwa na kupunguzwa hadi yakawa mazito, yakaja kwenye vyombo vidogo kutoka Marekani. Ndizi huwezi kuikamua.

Kuhusu kuondoka: ndizi zilirudi Desemba 30, 1945, meli Tilapa ilipotia nanga Avonmouth, bandari ya Uingereza. Kanada, katuni za Marekani zilirudi baada ya vita na wachapishaji wa kwao waliozaliwa na marufuku ile wakashindwa kusimama, ingawa walikuwa wametoa kazi nzuri kama Nelvana, shujaa wa katuni wa Adrian Dingle, aliyeanza 1941. Lakini ushuru ni kitu kingine. Septemba 1915 waziri wa fedha wa Uingereza, Reginald McKenna, aliweka asilimia 33 na theluthi kwa magari ya starehe, saa, ala za muziki na filamu, hatua ya muda kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita viliisha 1918. Ushuru ulifutwa 1924, na 1925 ukarudishwa, kwa sababu wakati huo watengenezaji magari wa nyumbani walikuwa wameshauzoea. Ukienda darasani, anza na huo.