Eti kura yangu ilipigwa siku nilipopewa cheki namba

Chaki Nyeupe

Wadau, ninaandika haya nikiwa na nywele upande mmoja tu wa kichwa, kwa hiyo mnisamehe ikiwa ukali utaizidi adabu. Saa moja iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, nimefungwa shuka shingoni, mashine imeshapita upande wa kulia na wa kushoto haujaguswa, akaingia yule dalali wa viwanja ambaye sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mtu humu ambaye hajawahi kuonyeshwa naye kiwanja kimoja mara mbili kwa bei mbili.

Mazungumzo yalikuwa ya uchaguzi, kama ilivyo kila penye kioo na benchi. Mimi nilisema neno moja tu, kwamba mgombea aliyetuahidi daraja miaka mitano iliyopita aje kwanza atuonyeshe walau mchanga wa daraja hilo. Yule bwana hakugusa habari ya daraja. Alinitazama, tena si usoni bali kupitia kioo, akasema: "Mwalimu, wewe tulia unyolewe. Kura yako ilishapigwa siku ulipopewa cheki namba."

Watu saba walicheka. Kinyozi mwenyewe alicheka hadi akazima mashine, akafuta machozi kwa pindo la shuka nililofungwa mimi.

Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka 14, wanafunzi 96 katika chumba kimoja, na madai yangu ya malimbikizo yamekaa ofisini muda mrefu kiasi kwamba mende wa kabati lile wananifahamu kwa jina. Hayo yote nimeyavumilia. Lakini kuambiwa na dalali, kupitia kioo, nikiwa nusu kipara, kwamba mimi sina akili ya kuchagua bali nina cheki namba, yaani namba ya mshahara ya mtumishi wa serikali, inayonichagulia, hilo limenishinda.

Nani aliyeamua kwamba kazi ya mtu ndiyo kadi yake ya chama? Eti mwalimu ni wa chama tawala, bodaboda ni wa upinzani, na mwenye duka ni wa yeyote atakayeshinda. Najua lilikotoka jambo hili: kabla ya mwaka 1992 chama kilikuwa kimoja, na matawi yake yalifunguliwa hadi mahali pa kazi. Sawa, lakini mwaka 1992 mimi nilikuwa chekechea nikilia kwa sababu ya uji. Hata Nyerere, ambaye hadi leo tunamwita Mwalimu, aliacha kufundisha kule Pugu mwaka 1955 baada ya kutakiwa achague kati ya chaki na TANU. Yeye walau aliambiwa achague. Mimi nimechaguliwa, tena na dalali, tena kupitia kioo.

Niliinuka na kuondoka papo hapo. Nimekatiza soko zima nikiwa hivi hivi, na mwanafunzi wangu mmoja ameniamkia shikamoo huku akinitazama shingoni.

Tanki Tupu

Pole sana, mwalimu. Kabla hatujaingia kwenye siasa, naomba kufahamu kama ulilipa bei ya kichwa kizima.

Kaunta ya Nne

Ndugu mleta uzi, hasira yako inaonyesha kwamba dalali amekugusa penyewe. Siku ya uchaguzi tukiingia kituoni, ni nani tunaowakuta mezani na chupa ya wino? Nusu yao ni walimu walionifundisha.

Chaki Nyeupe

Kusimamia kituo ni kazi ya siku moja kwa posho, na mezani sivai rangi ya chama chochote. Halafu umeruka jambo la msingi, kwamba alisema kupitia kioo.

Mama Sufuria

Afadhali wewe uliyetukanwa mara moja ukaondoka. Sisi mama lishe kila kampeni tunaambiwa ni mtaji wa chama fulani kwa sababu tulipewa khanga, na wale wa upande wa pili wanakuja kula kwa mkopo wakidai kwamba sisi ni wanyonge wenzao. Khanga imeshachuja, sahani 11 za wali maharage bado zimo kwenye daftari, na hakuna chama kilichokuja kuniuliza mimi nataka nini.

Mkorosho Mmoja

Mwalimu, wewe una cheki namba, mimi nina jembe, na jembe limo kwenye bendera ya chama tawala, CCM, pamoja na nyundo, njano juu ya kijani, kwa hiyo kila mkulima wa huku kusini anahesabiwa ndani kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2018, serikali ilipokataa bei za wanunuzi ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzisomba, niliuliza tu ni lini nitalipwa. Jirani yangu, fundi cherehani, akanitangaza kijiji kizima kwamba nimehamia upinzani. Sikuhama popote, nilikuwa nadai fedha yangu.

Kaunta ya Nne

Nasi wa benki tunaambiwa kwamba tunaogopa mabadiliko. Mkwe wangu hunirudia maneno hayo kila Idi, na kila Idi namkumbusha kwamba mwasisi wa Chadema, Edwin Mtei, ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Anameza pilau, halafu ananiambia kwamba huyo alikuwa tofauti.

Geti Namba Mbili

Ninyi angalau mnatukanwa kwa kazi zenu wenyewe. Mwanajeshi na polisi wamekatazwa na Katiba, ibara ya 147, kujiunga na chama chochote, nami nalielewa hilo. Lakini mimi ni mlinzi wa duka la mabati, kirungu nilijinunulia mwenyewe, na bado nikiingia sebuleni mashemeji zangu wanaacha siasa na kuanza kuzungumzia mvua.

Tanki Tupu

Hakuna anayetufikia bodaboda. Leo tunajaziwa lita mbili za mafuta twende kwenye msafara tukipiga honi, kesho tukisimamishwa barabarani tunaitwa wahuni wa upinzani. Ninazo fulana za vyama vitatu, na ya nne naoshea pikipiki.

Mama Sufuria

Tanki Tupu, kumbe ni wewe. Ulikula sahani mbili Jumanne ukiwa umevaa mojawapo ya fulana hizo, ukaniambia kwamba chama kitalipa.

Tanki Tupu

Ilikuwa sahani moja, mama yangu, na maharage yalikuwa nusu. Tena chama nilichosema si hicho unachodhani.

Chaki Nyeupe

Jamani, naomba turudi kwenye mada. Alisema kupitia kioo.

Mama Sufuria

Zilikuwa sahani mbili, Tanki Tupu, na ukataka na parachichi.

Mashine na Wembe

Mwalimu, shikamoo. Upande wa kushoto tumekuwekea, njoo wakati wowote bila malipo. Ila tunaomba shuka letu, kwa maana umeondoka ukiwa umelifunga shingoni, na dalali ameshakaa kitini anasubiri.