Kurekodi skrini ili kuwafundisha makarani: OBS, Loom au ile ya Windows yenyewe?

Karani_Newala
Wadau, salaam. Niko Newala, kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya korosho. Msimu ukifunguliwa tu, simu yangu haipoi: "Bosi, jumla ya kilo imegoma." Nimechoka kufundisha Excel kwa mdomo. Nataka nirekodi skrini dakika mbili tatu, niwatumie makarani waangalie wenyewe. Kompyuta yangu ni ya mtumba, Windows 10, RAM GB 4. Nasikia kuna OBS, Loom na hiyo inayokuja na Windows. Ipi haina usumbufu?

FundiWaLigula
OBS mkuu, wala usizunguke. Ni ya bure, haina kikomo cha muda na haigongi nembo yake juu ya video yako. Siku ya kwanza utakuta skrini nyeusi, utadhani imekufa. Haijafa, hujaiambia tu irekodi nini. Ongeza "Display Capture" kwenye vyanzo, picha inakuja.

Halafu hili ndilo kubwa kwa huku kwetu: faili la video lirekodi kwa muundo wa MKV, usirekodi kwa MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, MP4 mara nyingi haifunguki tena, kazi yote imekwenda. MKV inabaki na ulichorekodi mpaka hapo ulipokatika. Ukimaliza unaigeuza kuwa MP4 humohumo ndani ya OBS, ni suala la sekunde.

BintiMikindani
Kaka Fundi, OBS kwa GB 4? Hiyo feni italia kama mashine ya kukoboa. Karani, jaribu kwanza ulichonacho: fungua Excel, bonyeza Windows+Alt+R, inaanza kurekodi. Bonyeza tena, imeisha. Hakuna cha kupakua. Wenye Windows 11 wanayo na Snipping Tool inayorekodi video, lakini wewe wa 10 hiyo huna.

Mwl_Nachingwea
Mbona Loom mnairuka? Ukimaliza kurekodi, video iko mtandaoni na linki iko tayari, unaibandika tu kwenye grupu. Na unaona kama kuna aliyeangalia, hakuna wa kukudanganya "nimeona mwalimu". Ya bure ni dakika 5 kwa video, na mwisho video 25. Kwa mahitaji ya Karani zinatosha.

BintiMikindani
Mwalimu, shikamoo. Wanafunzi wako wanakaa kwenye wifi. Karani wa kijijini na bando lake la siku, kila akitaka kurudia somo afungue linki, bando linayeyuka. Faili likishaingia kwenye simu analiangalia hata mara kumi, chini ya mkorosho, bila mtandao.

Mwl_Nachingwea
Marahaba. Hapo umenishika. Ila nikikosea, video ya Loom naifuta na linki inakufa. Faili lako likishasambaa WhatsApp, utalifuata wapi?

MzeeWaGhala
Hilo la Mwalimu mlichukulie kwa uzito. Nimeshapokea video ya mafunzo, skrini imejaa majina ya wakulima, namba za akaunti za benki na kilo za kila mmoja. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshapita magrupu matatu. Tengeneza jedwali la uongo: Mkulima A, kilo 100, basi.

Na uzime taarifa zote kabla ya kurekodi. Mimi nilikuwa katikati ya somo, WhatsApp ya kwenye kompyuta ikaleta ujumbe wa nyumbani pembeni ya skrini: "Usisahau nazi mbili." Mpaka leo vijana wananisalimia, "Mzee, nazi vipi?"

FundiWaLigula
😂😂 Pole mzee wangu. Karani, ukiingia OBS shusha ukubwa wa picha iwe 720, fremu (picha) 15 kwa sekunde. Excel haikimbii kama mpira, na feni itatulia. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inaminywa, tarakimu zinakuwa ukungu na 3 inasomeka 8. Kwenye kilo za watu hiyo ni kesi.

Karani_Newala
Nimerudi. Nilianza na ya Dada Binti: Excel imerekodiwa safi kabisa. Kasheshe ni nilipotoka kwenda kuonyesha folda ya kuhifadhi. Inarekodi programu moja tu, kwa hiyo nasikika nikisema "bonyeza hapa" na hapo penyewe hapaonekani. Nikahamia OBS, 720, fremu 15, nikafunga kila kitu kingine. Feni ililia kidogo ikanyamaza. Dakika mbili na nusu, jedwali la uongo, nimetuma kama dokumenti.

Karani wa Kitangari kajibu: "Bosi nimeelewa, jumla imekubali. Ila jogoo wako anafundisha kwa sauti kuliko wewe."

Maiki ya bei poa naipata duka gani Mtwara mjini?

FundiWaLigula
Acha kutupa hela. Chomeka earphone za simu zenye maiki kwenye waya, kisha rekodi saa nne usiku. Jogoo keshalala.

MzeeWaGhala
Saa nne usiku mbwa je?