Hoover, Hoover, Hoover! Na aliyetia saini simu za King zitegwe, yeye malaika?

Wakuu, nimechoka. Hii ni mara ya tatu wiki hii naona mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za watu weusi Marekani, alitegewa simu "kwa sababu ya yule kichaa Hoover", yaani J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kisha anafunga mjadala kama kesi imeshahukumiwa. Jana kijiweni mwalimu mmoja mstaafu kanipa lilelile: "Kina Kennedy walidanganywa, hawakujua." Sebuleni kwake ana picha ya John Kennedy tangu ujana wake, imepauka mpaka shati limekuwa rangi ya chai. Sikumjibu. Ni mtu ninayempa shikamoo. Humu ndani hakuna shikamoo, kwa hiyo najibu humu.

Hawakujua? Tarehe 22 Juni 1963 Rais Kennedy alimtoa King nje, wakatembea wawili kwenye bustani ya Ikulu, akamwambia kwa mdomo wake aachane na Stanley Levison na Jack O'Dell, wasaidizi wake ambao FBI iliwaita wakomunisti. Levison simu yake ya ofisini ilikuwa imeshategwa tangu Machi 1962, kwa idhini ya Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mdogo wake Rais. King aliporudi kwa wenzake akatania kwamba Rais kumpeleka bustanini, basi huenda Hoover anamsikiliza hata Rais. Huyo ndiye "hakujua" wenu.

Sasa njooni kwenye karatasi yenyewe. Oktoba 1963 Hoover alimwandikia Robert Kennedy kuomba kibali cha kutega simu za King. Mnajua ombi lilikuwa refu kiasi gani? Sentensi tano hivi. Fomu ya mkopo wa bodaboda ina maelezo kuliko hilo. James Comey, aliyekuja kuongoza FBI nusu karne baadaye, aliiweka nakala yake mezani chini ya kioo ili ajikumbushe, na alisema wazi kwamba haikuwa na hoja yoyote ya maana, wala ukomo wa muda, wala hakimu wa kuipitia. Tarehe 10 Oktoba mheshimiwa Robert Kennedy akatia saini. Nyumbani kwa King Atlanta, simu inayopokewa na mke na watoto, ikategwa. Ofisi ya New York ya SCLC, jumuiya aliyokuwa akiiongoza, ikategwa. Siku chache baadaye na ya Atlanta ikaongezwa.

Na msiniambie alibanwa. Julai ya mwaka huohuo wazo lilifika mezani kwake akalikataa. Neno "hapana" alikuwa analijua.

Najua mtetezi anakuja na zile siku 30. Ndiyo, alisema simu ya nyumbani itegwe kwa majaribio, baada ya siku 30 itathminiwe. Nani alitathmini? FBI. Yaani unamkabidhi fisi bucha, mwisho wa mwezi unamuuliza fisi huyohuyo kama nyama iko salama. Waya ukabaki. Novemba kaka yake akauawa Dallas, mtu alikuwa msibani, hilo nampa, mimi si jiwe. Lakini alikaa kwenye kile kiti mpaka Septemba 1964. Miezi tisa na ushee baada ya msiba, na hakuna siku aliyonyanyua simu kusema toeni.

Na uwezo wa kusema toeni alikuwa nao. Oktoba ileile FBI ilisambaza kwenye maofisi ya serikali, mpaka jeshini, chapisho la kumchafua King. Robert Kennedy alipopata habari alikuja juu, akaamuru nakala zirudishwe, na zikarudishwa. Hoover huyo mnayemfanya jini lisilozuilika akafyata mkia akakusanya makaratasi yake. Kwa nini nakala zirudi na waya ubaki? Jibu langu ni jepesi: chapisho lingevuja likamletea aibu. Waya nani anauona?

Simsafishi Hoover, msije mkanigeuzia kibao. Tarehe 23 Agosti 1963 maofisa wake mwenyewe walimpa ripoti ya kurasa zaidi ya 60 kwamba wakomunisti hawana ushawishi wa maana kwenye harakati za watu weusi. Akaidhihaki. Siku tano baadaye King akahutubia Washington. Tarehe 30 William Sullivan, bosi wa idara iliyoandika ripoti ile, akaandika waraka mpya: King sasa ndiye mtu mweusi hatari kuliko wote katika taifa kwa siku zijazo. Wiki moja tu! Ushahidi haukubadilika hata nukta, kilichobadilika ni uso wa bosi. Aliyewahi kufanya kazi ofisini chini ya mkubwa asiyetaka kusikia jambo anaijua harufu hiyo.

Na kuna kitu watu wanakichanganya humu kila siku. Kutega simu ni kitu kimoja, kuficha vinasa sauti chumbani ni kingine. Simu zilihitaji saini ya Mwanasheria Mkuu. Vinasa vya hotelini FBI walijipa ruhusa wenyewe kwa kujificha nyuma ya waraka wa Mwanasheria Mkuu wa mwaka 1954. Walianza na hoteli ya Willard, Washington, Januari 1964, wakaendelea hoteli kwa hoteli. Kwa hiyo chumba cha kulala ni dhambi ya Hoover na watu wake. Ila aliyemfungulia geti la nyumba asijifanye ameshangaa kumkuta mwizi chumbani.

Kile kifurushi lazima nikiseme, maana watu hukitaja juujuu tu. Novemba 1964, wiki chache kabla King hajaenda Oslo kupokea Nobel, ofisa wa FBI alipanda ndege hadi Miami akaposta kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani mna mkanda wa sauti zilizonaswa hotelini na barua iliyopigwa taipu. Aliyeiandika alijifanya mtu mweusi aliyechoshwa na King, akampa siku 34, akamwambia limebaki jambo moja tu la kufanya na unalijua. King na wenzake walielewa: jiue. Kifurushi kikakaa ofisini na mikanda mingine. Watu wa ofisini wakadhani ni hotuba, wakampelekea Coretta, kwa sababu mama yule alikuwa na desturi ya kukusanya hotuba za mumewe. Januari 1965 akakifungua mwenyewe nyumbani. Hebu fikirini. Umekaa na mkanda ukisubiri kumsikia mumeo akihubiri.

Na Lyndon Johnson, aliyeshika urais baada ya Kennedy kuuawa, je? Mnamwimbia kwa Sheria ya Haki za Kiraia aliyoisaini Julai 1964. Agosti, mwezi uliofuata tu, kwenye mkutano mkuu wa chama chake Atlantic City, kikosi cha FBI kikatega simu ya chumba cha hoteli cha King na kunasa mazungumzo kwenye ofisi ya SNCC, jumuiya ya vijana wa harakati zilezile, habari zinapelekwa kwa watu wa Ikulu moto moto. Ukomunisti uko wapi hapo? Ilikuwa siasa ya nani akae mkutanoni kama wajumbe wa jimbo la Mississippi, weusi au weupe, basi. Hoover alikuwa anakaribia miaka 70, umri wa kustaafu kwa lazima. Johnson akamwondolea sharti hilo Mei ya mwaka huohuo, 1964. Na mwishoni mwa mwaka Nicholas Katzenbach, aliyekuwa amekaimu nafasi ya Robert Kennedy, alisafiri mpaka shambani kwa Rais kule Texas kumwambia FBI inawatembezea waandishi wa habari uchafu wa King. Badala ya Hoover kupigwa kofi, FBI ikafikishiwa ujumbe kwamba mwandishi fulani anawasema. Mchongeaji akawa aliyekataa kuuchapisha.

Katzenbach mwenyewe si msafi kiasi hicho. Ndiyo, simu ya nyumbani iliondolewa Aprili 1965 na ya ofisi ya Atlanta Juni 1966, wakati yeye ni Mwanasheria Mkuu. Lakini kamati ya Seneta Frank Church ilipochunguza mwaka 1975 ilimwonyesha karatasi tatu za 1965 kuhusu vinasa vya hotelini, zote zina herufi za jina lake. Akasema mwandiko unafanana na wake, ila hakumbuki. Hakumbuki!

Umma ulithibitishiwa haya mahakamani Houston, Juni 1969, kwenye kesi ya Muhammad Ali ya kukataa jeshi. Ofisa wa FBI akakiri kwa kiapo kwamba simu ya King ilitegwa. Sauti ya Ali ilinaswa pale alipozungumza na King. Hapo ndipo wakubwa wakaanza kurushiana mpira, Hoover akisema wazo lilikuwa la Robert Kennedy, ambaye wakati huo ana mwaka mmoja kaburini. King naye yuko kaburini. Anayebaki kuzungumza ni mwenye faili.

Kwa hiyo mgao wangu ni huu, mnaweza kunitukana: Hoover ni mtendaji, Robert Kennedy ni mwidhinishaji, Johnson ni mlaji. Na kwa upande wangu mwidhinishaji ana deni kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu yeye ndiye sheria ilimweka pale azuie. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya King.

Mikanda na maandishi yake, hakimu aliamuru mwaka 1977 vifungiwe miaka 50 kwenye Hifadhi ya Taifa. Hesabuni: Januari 2027. Watakaovuliwa nguo siku hiyo ni wale waliosikilizwa. Waliosikiliza walipewa majengo Pennsylvania Avenue, Washington. Makao makuu ya FBI yalipewa jina la J. Edgar Hoover. Ng'ambo ya barabara, wizara ya sheria, jengo lilipewa jina la Robert F. Kennedy mwaka 2001.

Anayesema "hawakujua" aje na karatasi, si na picha ya ukutani.