Baiskeli zetu hapa Tanga zinashikwa kwa sheria ipi? Mtuandikie kosa au mtuachie

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha na leo nasema, atakayekasirika akasirike.

Mji huu ni wa baiskeli, na mgeni hata ashuke Kange usiku ataliona hilo kabla jua halijawa kali. Muuza samaki anatoka Sahare na tenga nyuma. Wa madafu yumo, wa maziwa na madumu yake yumo, fundi mwashi amefunga chepe kwenye fremu anawahi kibarua. Sisi kina mama nasi tumo, buibui tumelikunja tukalibana upande mmoja mnyororo usilitafune, mtoto keriani, kikapu mbele. Mimi ni fundi cherehani. Nguo za wateja nazipeleka kwa baiskeli Makorora, Mabawa, hadi Chumbageni, na nauli ya bajaji ningekuwa nailipa kila safari cherehani ningeshaiuza.

Sasa kumezuka mtindo. Asubuhi askari wa barabarani wanasimama kwenye moja ya hizi barabara zetu za namba za Ngamiani, wanachagua mahali penye kivuli, kazi yao ni baiskeli tu. Bodaboda zinapita zimepakia mishikaki, abiria wawili na mtoto katikati, hakuna anayenyanyua mkono. Ikitokea baiskeli: "Wewe! Kaa pembeni!"

Niliposimamishwa mimi, chini ya mwembe tayari kulikuwa na baiskeli zimepangwa, zimepitishwa mnyororo mmoja kwenye fremu zote na kufuli juu. Pembeni amesimama mzee wa samaki. Tenga lake la vibua lilikuwa bado limefungwa keriani, barafu inayeyuka, maji mekundu yanachuruzika kwenye spoku mpaka mchangani, nzi wameshafika. Mzee akavua shati lake, akalilowesha kwa chupa ya maji aliyokuwa nayo, akafunika tenga. Akabaki na fulana.

Kosa lake? Kengele hana, taa hana. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, nifungulie nikauze kwanza, nitarudi, baiskeli yangu unaijua." Akajibiwa kwamba elfu kumi inatosha, mambo yaishe hapo hapo. Mzee hakuwa na elfu kumi. Elfu kumi ilikuwa ndani ya lile tenga, inaoza mbele ya macho yake.

Zamu yangu ikafika. Breki nzuri, kengele ipo, naambiwa taa ya nyuma haipo. Saa nne asubuhi, jua la Tanga utosini! Nikamwambia, "Afande, sawa, niandikie hilo kosa kwenye karatasi, nipe na namba ya malipo ya serikali nikalipie." Akanitazama kama niliyemtukana. "Mama, ukitaka karatasi utakwenda mahakamani, itakula kwako." Nikasema nipeleke. Hakunipeleka, hakuniandikia. Nilikaa pale na mzigo wangu wa nguo za watu hadi adhuhuri, wenzangu wakawa wanatoa elfu tano, wengine elfu saba, mkono kwa mkono, wanafunguliwa wanaondoka. Hakuna aliyepewa stakabadhi, hata mmoja. Walipotaka kuondoka wakanifungulia baiskeli yangu, "haya mama, nenda". Basi. Bila onyo, bila maelezo.

Kama kosa lilikuwepo saa nne, saa saba limekwenda wapi?

Mzee wa vibua alifunguliwa baada ya muuza kahawa kumkopesha. Sijui samaki wale aliwauzia nani.

Najua watakuja watu hapa na wimbo wa "fuateni sheria". Tuizungumze basi hiyo sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, Sura ya 168, na baiskeli imo. Mwendesha baiskeli ana wajibu wake na mimi sipingi. Kushoto akae, breki ziwe nzima, usiku awe na taa. Tena la taa ya usiku nalishikilia mimi mwenyewe, kwa sababu barabara ya kwenda Pongwe ikishaingia giza, dereva wa lori hamuoni mtu aliyevaa nguo nyeusi kwenye baiskeli nyeusi mpaka ameshafika. Kamateni hao. Simameni saa mbili usiku, simamisheni kila baiskeli isiyo na taa, mimi nitawaletea maji ya kunywa.

Lakini saa mbili usiku hamuonekani! Taa inakaguliwa saa nne asubuhi, wakati mwenye samaki anakwenda kuuza na mwenye duka anakwenda Mgandini kununua, saa ambayo kila mfuko una hela. Huo si ukaguzi wa usalama, mnajua na sisi tunajua.

Halafu hiyo elfu kumi imetoka wapi? Mwaka 2021 serikali yenyewe ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, ikaona 30,000 ni kumuonea mtu wa kipato kidogo. Sasa mtu wa baiskeli, asiye na injini, asiyebeba abiria wa kulipa, anatajiwa kiwango kile kile cha pikipiki. Na afadhali ya bodaboda! Yeye akikamatwa anaandikiwa, anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, meseji inarudi kwamba fedha imeingia serikalini. Akiona ameonewa anakataa kosa na kusubiri mahakama. Sisi tuna nini mkononi? Kufuli na kivuli cha mwembe. Baiskeli haina namba ya usajili, kwa hiyo hakuna popote palipoandikwa kwamba siku fulani ilishikwa. Ndiyo maana tunapendwa. Mtu wa baiskeli hana pa kuonesha kwamba ameliwa.

Na kuishika baiskeli kwenyewe ndiyo adhabu nzito kuliko faini. Ukimzuilia muuza samaki kwa saa tatu umemfilisi mtaji wa siku nzima, kabla hakimu yeyote hajasikia lolote. Katiba ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na mali yake kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria. Baiskeli ni mali. Haikuandikwa pale "isipokuwa mali ya maskini".

Linaloniuma zaidi ni upande wa pili. Mtoto wa jirani yangu aligongwa na bodaboda maeneo ya Makorora akitoka dukani, bodaboda akakimbia. Kijana amevunjika mkono, baiskeli gurudumu la mbele limekuwa nane. Mama yake akaenda polisi kutafuta PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, ili atibiwe. Fomu alipewa, lakini alipouliza aliyemgonga atatafutwa vipi, akaambiwa alete namba ya pikipiki. Mtoto yuko chini analia, ndiye asome namba! Kwa hiyo kumtafuta aliyevunja mkono wa mtu hakuna askari, ila kutafuta taa ya nyuma mchana kweupe wapo watatu.

Nendeni mkaone barabara ya Segera sehemu inayopita mjini. Bandari imechimbwa, kina kimefika mita 13, meli zinatia nanga gatini, tunashukuru, riziki imeongezeka. Malori nayo yanapita hapo hapo tunapopita, pamoja na ya saruji. Ndani ya mji mwendo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kila anayeishi kandokando ya barabara ile anajua mabasi ya asubuhi yanayowahi Dar yanapita vipi. Ule ukingo wa lami ambao ndio kimbilio letu, bajaji zimeugeuza kituo. Unafika pale unalazimika kuingia katikati ya barabara kuzizunguka, nyuma yako lori linapiga honi, dereva anakutukana mama yako. Sijawahi kuona bajaji imefungwa mnyororo kwa kuziba ukingo. Sijawahi.

Kuna askari waungwana, nakubali. Yupo dada mmoja huwa anatuvusha wanafunzi na kina mama kwenye zebra, anasimamisha magari kwa ukali na kijana asiyekuwa na breki anamkanya kwa jina la mzazi wake. Huyo hata akinikamata nitajua ananikamata kwa kosa. Siwasemi hao.

Ndugu zangu mliokamatwa, acheni kutoa hela ili mambo yaishe. Hayaishi, kesho yupo pale pale na anakujua. Ombeni karatasi. Ombeni namba ya malipo. Akikataa, muangalieni namba yake ya kifuani, mkaiandike, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapatikana kwa 113, simu ni bure. Madiwani wa Ngamiani na Makorora nao wanazipita baiskeli zilizofungwa mnyororo kila asubuhi, hili liingie kwenye kikao cha kata wakiwepo wananchi, askari waitwe wajibu mbele ya watu.

Na kama humu yumo askari wa usalama barabarani, nakuomba kwa heshima uje ujibu hapa hapa. Ni kifungu gani kinachokuruhusu kuzuia baiskeli ya mtu bila kumpa karatasi, faini yake kisheria ni shilingi ngapi, na ile iliyokusanywa chini ya mwembe siku ile iliingia akaunti ipi?