Betri ya akiba ya gari inahifadhiwaje bila kuharibika?

Mkazi wa Raskazone, Tanga

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina pikapu ambayo injini yake imefunguliwa na bado tunasubiri vipuri, kwa hiyo nimeitoa betri yake ili nayo isije ikaozea pale. Ni ya ukubwa wa N70, ile ya maji yenye vizibo sita, na haijatimiza mwaka tangu niinunue kwa fedha ya kudunduliza. Kwa sasa iko stoo nyuma ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji na chini ya paa la bati, mahali ambapo mchana huwezi kukaa kwa joto. Jirani mmoja ameniambia kwamba saruji hunyonya moto wa betri, yaani chaji yake. Mwingine amenishauri niimwage tindikali yote, niihifadhi ikiwa kavu, kisha nijaze upya siku nitakapoihitaji. Leo nimeipima nikapata volti 12.38. Huenda ikakaa miezi sita au zaidi. Naomba mnielekeze lipi ni sahihi kabla sijaiua kwa mikono yangu.

Fundi umeme wa magari

Ndugu yangu, tafadhali usiimwage tindikali. Betri inayouzwa kavu dukani ina bamba zilizokaushwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, ilhali za kwako zimekwisha kulowa, na zikikutana na hewa zitaanza kuharibika papo hapo, mbali na hatari ya kujiunguza wewe na watoto wa nyumbani.

Adui wa betri iliyokaa ni kukaa bila kujaa. Hata isipofungwa popote hupoteza moto yenyewe, takriban asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi katika joto la kawaida la nyuzi 20 hadi 25, na kasi hiyo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Ndiyo maana stoo yako ya bati inanitia wasiwasi kuliko sakafu yake. Moto unapopungua, kwenye bamba za risasi hujengeka salfeti, yaani utando wa chumvi ya risasi. Salfeti ikiwa changa, chaji huirudisha ndani ya maji, lakini ikiachwa kwa miezi hukomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziwezi tena. Mwaka jana mteja aliniletea betri iliyokaa miezi tisa bila kuguswa. Nilipong'oa vizibo na kumulika kwa tochi, nikaona bamba zimepauka kama zilizopakwa jivu. Tuliichaji usiku kucha, asubuhi mita ikasoma 12.5 na mwenyewe akafurahi, lakini tulipoifunga kwenye gari na kupiga stata ikaporomoka hadi 9. Nilisikitika sana, kwa sababu ilikuwa betri nzuri.

Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.7. Ya kwako, kwa 12.38, imebakiwa na kama asilimia 70, basi ichaji leo, usingoje mwisho wa wiki. Kwanza angalia maji: kama bamba zimetokeza, ongeza maji ya kuzifunika tu, kwa kuwa maji hupanda wakati wa kuchaji, na ufikishe kwenye alama baada ya kumaliza. Kwa N70 usizidishe ampia 7. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Zima chaja kwanza ndipo utoe vibanio. Iache ilale usiku mmoja ndipo uipime, kwani ukiipima papo hapo itakupa tarakimu ya kudanganya. Futa sehemu ya juu hadi ikauke, kwa sababu vumbi lenye unyevu hupitisha umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kisha paka vichwa grisi. Baada ya hapo ihamishie kivulini, uipime kila mwezi, na ikishuka hadi 12.4 uirudishe kwenye chaja.

Mstaafu wa gereji

Fundi amesema kweli. Habari ya saruji tuliirithi kutoka enzi za betri zenye maboksi ya mbao, na baadaye za mpira mgumu, ambazo zilipitisha unyevu; za leo ni plastiki na sakafu haizinyonyi chochote. Hata hivyo mimi huziweka juu ya ubao, kwa sababu tindikali ikivuja huila saruji.

Mama wa mashine ya kusaga, Korogwe

Naomba kuongeza jambo moja lililonigharimu. Madukani, tindikali na maji ya kuongezea yote huitwa «maji ya betri». Mimi niliuziwa tindikali, nikaiongeza mara tatu nikidhani ninaitunza betri, na bamba zikaliwa. Kinachopungua ndani ya betri ni maji peke yake, tindikali hubaki, kwa hiyo dai maji yaliyokenekwa, usome chupa mwenyewe kabla ya kulipa, wala usijaribu ya kisima, kwa sababu yana chumvi.

Mkazi wa Raskazone, Tanga

Nawashukuru sana. Mzee, ubao nimeupata. Fundi, ninayo paneli ndogo ya sola ya wati 10; je, naweza kuiacha imefungwa kwenye betri muda wote?

Fundi umeme wa magari

Unaweza, mradi ipitie kwenye chaji kontrola, yaani kifaa cha kudhibiti chaji, inayoshikilia volti 13.5 hadi 13.8 betri ikishajaa. Ukiifunga moja kwa moja itaendelea kuchaji betri iliyokwisha kujaa na kuyakausha maji taratibu, na utagundua siku bamba zimebaki wazi. Kama nyumbani kuna gari jingine linalotumia betri ya ukubwa uleule, njia bora zaidi ni kuzibadilishana kila baada ya wiki chache, ili zote mbili zifanye kazi.

Mkazi wa Raskazone, Tanga

Narudi na majibu baada ya mwezi. Gari jingine halipo, na kontrola bado sijainunua, hivyo nilitumia chaja ya kuazima. Baada ya kuichaji na kuilaza usiku mmoja ilisoma 12.68, na leo asubuhi imesoma 12.61. Iko kwenye baraza la nyuma, upande usiopigwa na jua, juu ya ubao wa mzee, na kwenye ubavu wake nimebandika karatasi ya kuandikia tarehe na volti za kila mwezi.